Uliwahi kuinuka katikati ya usaili ukaaga kwa adabu? Wana Arusha na Moshi tupeane uzoefu

Chalii wa Sakina
Leo nimepita Kaloleni, nikaliona ghorofa moja, moyo ukaruka. Ni miaka imepita ila ngazi zile bado nazikumbuka. Niliitwa usaili wa uhasibu. Nafika ukumbini nakuta watu kama arobaini, viti vya plastiki, ubao mweupe na muziki mkubwa. Muziki jamani, kwenye usaili wa uhasibu! Jamaa mwenye tai nyekundu akasimama: "Nani humu anataka kufa maskini?" Nikajua nimeshaliwa nauli.

Basi, kiingilio laki na nusu, unaleta wawili chini yako, na wao wanaleta wawili wao, mnalijua hilo. Kilichoniweka dakika arobaini nzima ni aibu, maana mlango ulikuwa mbele, nyuma ya mgongo wa yule jamaa. Ukitoka wote wanakuona. Mwisho nikanyoosha mkono: "Samahani kaka, mimi nilikuja kwa nafasi ya mhasibu. Naona sio hapa, naomba nisiwachukulie muda." Akawageukia wenzangu: "Mkariri huyu sura, ndiye atakayekuja kuwaomba vocha." Ukumbi mzima kicheko. Nikashuka zangu.

Nyie mliinukaje? Nataka za kistaarabu. Za kutukana watu zina mahali pake.

Mangi Mdogo
Hiyo ya Kaloleni naijua. Mimi nilikaa mpaka chai. Chai yao nzuri, ina tangawizi.

Binti Kibosho
😂😂 Mangi hawezi kuacha cha bure.

Mgumu Mstaafu
Usaili wetu sisi wabeba mizigo wa mlima Kilimanjaro hauna meza wala tai. Mnasimama chini ya mti, kiongozi anawaangalia mabega kama anachagua ng'ombe mnadani. Siku moja Moshi, mwezi wa saba, msimu umechanganya, kiongozi anatwambia wazi: "Getini mzigo utasoma kilo 20, mkishapita tutaongezeana." Wenzangu kimya. Nikamwambia, "Mkuu, kilo 20 ndizo zilizowekwa na hifadhi, nabeba hizo. Za kuongezeana sitaweza. Nawatakieni safari njema." Nikabeba kibegi changu. Sijafika barabarani naitwa: "We mzee, rudi, 20 basi." Nikapanda naye misimu mitatu baada ya hapo.

Kijana wa Ngaramtoni
Hapo mzee hukuaga, ulipandisha bei.

Mgumu Mstaafu
Kijana, ungeijua njia ya Barafu kule mlimani usiku usingeandika hivyo. Niliaga kweli. Aliyeniita ni yeye.

Kijana wa Ngaramtoni
Shikamoo mzee, nimenyamaza.

Dereva Msomi
Mimi nilipanga ujanja. Nilimwambia mdogo wangu, ikifika saa nne nipigie, nijifanye nimepata dharura. Kampuni ya utalii, Njiro. Nikauliza mshahara, mama wa watu anatabasamu: "Mshahara wako ni tipu za wageni, inategemea na uchangamfu wako." Masika yote nile uchangamfu? Saa nne simu ikaita kweli. Kumbe kidole kimegusa spika. Mdogo wangu: "Bro, ulisema nikwambie nani anaumwa vile?"

Sikuaga. Niliinama tu kama ninayetoka kanisani nimechelewa.

Mama Wawili
Nimesoma hizi zenu nimecheka, ila yangu imenirudia yote, acha niimwage.

Nilitoka Moshi saa kumi na moja alfajiri na Coaster. Boma, KIA, Kikatiti, kila kituo inasimama, mimi nimeshika bahasha kama mtoto mchanga. Hoteli ipo maeneo ya Usa River, jina sitaji, msinisumbue huko inbox. Nafasi ya mapokezi. Saa tatu nipo getini. Nimekaa mpaka saa saba bila maji.

Ndani wapo watatu: bosi mwenyewe, dada wa utumishi, na kaka mmoja sikujua kazi yake. Wasifu wangu bosi hakuufungua. "Umeolewa?" Ndiyo. "Una mtoto?" Mmoja. "Una mpango wa kuongeza?" Na jamani, nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, haijaonekana. Nikakaa kimya. Akaanza kulalamika kwamba aliyetoka pale alikaa miezi michache akaenda likizo ya uzazi, siku 84, "nimemlipa amelala." Dada wa utumishi macho yote kwenye kalamu. Kisha likaletwa karatasi, limeshapigwa chapa kabisa: mfanyakazi anakubali kutoshika mimba kwa miaka miwili. Nisaini hapo hapo ndipo tuendelee.

Sijui maneno niliyatoa wapi. Nilisema, "Nashukuruni kwa kuniita na kwa muda wenu. Kwa sharti hili sitaweza kuendelea, naomba niishie hapa." Nikampa mkono dada, nikampa yule kaka, bosi hakuutoa wake. Nikatoka. Mlinzi akaandika saa yangu ya kutoka, nikadandia gari la Moshi, najiona shujaa.

Tunafika Maji ya Chai, napapasa pembeni. Bahasha haipo. Vyeti halisi vyote! Kidato cha nne, cha sita, stashahada, cheti cha kuzaliwa. Nimeviacha mezani kwa yule baba.

"Shusha!" Konda ananiuliza mbona na Moshi nimelipia. Nikavuka barabara nalia, nikarudi. Namkuta bosi kibarazani, amekaa kwenye kiti chake, anacheka: "Nilijua utarudi. Kaa tuongee." Nikamwambia, baba, nimerudia bahasha. Akasema ipo, ila niandike kwanza barua kuwa nimejitoa mwenyewe, kwa ajili ya faili lake. Nikasema nipe kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEJITOA KWA SABABU NIMETAKIWA KUSAINI KWAMBA SITAZAA. Nikaweka tarehe na jina langu kamili. Akasoma. Akasoma tena. Akaichana vipande, akaingia ndani, bahasha ikaletwa na yule dada. Aliponipa alinifinya mkono, hakusema neno.

Getini mlinzi anauliza, "Umepata, dada?" Nikamjibu nimepata.

Huyo wa tumboni sasa yupo darasa la pili.

Binti Kibosho
Dada yangu nimesisimkwa mwili mzima.

Kijana wa Ngaramtoni
Taja hoteli dada. Hata herufi ya kwanza tu.

Mama Wawili
Sitaji. Yule dada wa utumishi huenda bado yupo pale na ana watoto.

Kiti cha Nyuma
Mimi ningesaini tu. Karatasi kama ile haina nguvu popote. Ukishapata kazi, zaa, akikufukuza unaye.

Wakili wa Mtaani
Kiti cha Nyuma, usiwapoteze watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, ndoa, kabila, dini, ulemavu na mengine, na kifungu hichohicho kinamhesabu hata mwombaji wa kazi. Kwa hiyo bosi alikosea tangu lile swali la kwanza. Lakini kusaini halafu ukamburuze mahakamani? Miezi sita ya mwanzo sheria inampa mwajiri upenyo mkubwa wa kukuachisha, na mimba ya miezi mitatu ingeonekana ndani ya muda huohuo.

Kiti cha Nyuma
Kifungu hakilipi kodi ya nyumba, wakili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Binti Kibosho
Ainame, sio asaini mfuko wa uzazi. Hivi una dada wewe?

Kiti cha Nyuma
Ninao wanne na wote wana kazi.

Binti Kibosho
Nitawauliza walisaini nini.

Chalii wa Sakina
Nimesema za kistaarabu jamani!

Mama Mwajiri
Niseme na upande wa pili. Nina duka la vifaa vya umeme hapa mjini, nasaili watu kila mwaka. Mtu akiona hapamfai, aseme mapema. Dakika kumi za mwanzo sina kinyongo. Kinachoniudhi ni wa kujifanya anaenda msalani asirudi, mnabaki mmeukodolea macho mlango. Binti mmoja aliniambia, "Mama, masaa haya sitayaweza, nina mgonjwa nyumbani, nisikupotezee muda." Mwaka uliofuata nilipopata nafasi ya nusu siku nilimpigia yeye kwanza. Sababu mseme. Inatusaidia na sisi.

Dereva Msomi
Napinga. Sababu usiseme, Arusha ni ndogo. Utamwambia bosi mshahara hautoshi, jioni analo shemeji yako. Sema tumbo. Tumbo halina shahidi.

Mgumu Mstaafu
Tumbo alishasema kijana mmoja, wakampeleka zahanati kwa gari la ofisi. Akachomwa sindano.

Mangi Mdogo
😂 Mimi nasisitiza, subirini chai kwanza.

Wakili wa Mtaani
Vyeti halisi msiviache mezani. Peleka nakala zilizogongwa mhuri, halisi wakitaka wavione vikiwa mkononi mwako. Huko kwingine mtabishana wenyewe.

Mama Wawili
Wakili, ungeyasema haya kabla sijafika Maji ya Chai.

Mgeni wa Majengo
Habari zenu wakubwa. Nina usaili kesho saa tatu, nafasi ya mhasibu, Kaloleni, ghorofa ya pili. Natoka Moshi. Wameniambia nije na rafiki. Ni kawaida hiyo?

Chalii wa Sakina
Ubao mweupe utauona ukiingia tu. Mdogo wangu, usikae viti vya nyuma. Mlango upo mbele.

Mangi Mdogo
Rafiki ndiye mimi. Tukutane stendi saa kumi na mbili.