Miaka 5 ya ubatizo ndio ukomavu wa kiroho? (Kanisani kwetu Malindi, kura za wazee ni Jumapili)

MtuWaMuyeye:
Bwana asifiwe wapendwa. Kwetu imetoka kanuni mpya, huwezi kuwa mzee wa kanisa mpaka utimize miaka 5 tangu ubatizwe. Sababu ni Shakahola, wasema watu walimfuata mhubiri msituni wakafunga mpaka kufa, na kuanzia 2023 miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, yote kwa kuwa walikuwa wachanga kiroho hawakujua kupima mafundisho. Kundi lichungwe, sawa, lakini miaka mie siioni kama kipimo. Waebrania 5 yawaambia watu waliookoka zamani, ambao wangepaswa kuwa waalimu, kwamba bado wahitaji maziwa wala si chakula kigumu. Namjua mtu ana miaka 20 kanisani na hajawahi kumwambia mkewe nisamehe. Sasa ukomavu twaupimaje?

Dada_Barani:
Amina kwa kanuni. 1 Timotheo 3 yakataza aliyeongoka karibuni asije akajivuna. Hata Paulo alikaa Arabuni miaka 3 ndipo akaanza kuhubiri. Sisi mtu akinena kwa lugha Jumapili mbili tu tayari ashika maiki. Na tuwe wakweli, kuna mmoja amependekezwa na mpaka leo yuagema mnazi, atoa tembo, ile pombe ya mnazi. Huyo hata abatizwe miaka 50 hawezi kuniongoza mie.

KijanaWaGanda:
Dada hapo umenichoma. Huyo unayemsema ni baba yangu, na sote hapa twajua ni nani. Amepanda minazi kabla mie sijazaliwa, asubuhi na jioni, kotama, kile kisu cha kugemea, kiunoni na kibuyu begani, mvua ikinyesha vile vidato huteleza na bado apanda. Nyayo zake zimekuwa ngumu kama kwato. Karo yangu yote imetoka juu ya mnazi. Sijamuona amelewa hata siku moja. Wewe uliyesomeshwa kwa mshahara wa ofisi usitupimie wokovu.

Mwalimu wa Gede:
Kidogo kuhusu Paulo. Wagalatia 1 yasema alienda Arabuni akarudi Dameski, kisha baada ya miaka 3 ndio akapanda Yerusalemu, haisemi alikaa Arabuni muda huo wote. Na Matendo 9 yasema alianza kumhubiri Yesu kwenye masinagogi ya Dameski mara moja. Kwa kanuni yetu hii Paulo angengojeshwa nje.

Dada_Barani:
@KijanaWaGanda mshahara gani wa ofisi? Mamangu aliuza samaki wa kukaanga, usiniambie mie habari za shida. Niliolewa miaka 11 na mtu aliyerudi kutoka mangwe, kule wanakouza tembo, saa nane usiku, watoto wakijificha uvunguni, na siku ya pili yuaimba kwaya. Baba yako hanywi, nimekubali, lakini tembo lile akishalishusha laenda wapi? Kuna nyumba ya mtu mwisho wa ile njia.

Mama Mkate:
Jamani na mie niingie wapi? Mkate wangu wa sinia naumua kwa tembo la asubuhi likiwa bado tamu, hamira ya dukani hainipi ile ladha. Wazee wa kanisa wote wala, mchungaji aitisha sinia mbili kila Pasaka. Naye ni mchanga?

Mkristo Kamili:
Yesu mwenyewe Kana, mabalasi sita, na divai ikawa nzuri kuliko ya kwanza. Hapo nani alimwambia hajakomaa?

Dada_Barani:
Kana ilikuwa harusi ya siku chache, sio mangwe ya kila jioni. Msimtie Bwana kwenye biashara zenu.

MtuWaMuyeye:
Ndugu zangu mie niliuliza ukomavu wapimwa na nini, sasa twajadili hamira.

Binti Maweni:
Mie nirudi Shakahola maana imenikaa moyoni. Jirani yetu aliyeenda kule hakuwa mchanga kwa miaka. Alitufundisha Shule ya Jumapili, matunda ya Roho yote tisa ya Wagalatia 5 twayajua kwa sababu yake, alikuwa apiga kofi moja la viganja kwa kila tunda. Alipoondoka aliuza mpaka sufuria. Mama alimuuliza waenda wapi, akajibu ukiuliza maswali huna imani. Aliyetufundisha kuuliza ndiye alikataa kuulizwa. Kwa hivo miaka 5 ingemzuia nini? Mie mzee nitakayempa kura ni yule naweza kumuuliza swali na asinune.

KijanaWaGanda:
Basi muulize baba. Mwaka juzi alimtuhumu mtu wa shamba la pili kwamba amwibia nazi, ikajulikana ni nyani. Akatoka usiku ule ule kwa mguu kwenda kumuomba msamaha, hawe (nyanyangu) akimwambia ngoja kuche, akasema siwezi kulala na jina la mtu mdomoni. Alirudi alfajiri, akachukua kotama akaenda kazini. Hilo halijaandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Na Dada Barani, habari ya uvunguni sikuijua. Pole sana.

Dada_Barani:
Ahsante kaka. Lakini sijaridhika. Habari ya nazi naipokea, kwenda mwenyewe kwa mguu si jambo dogo, wangu hakuwahi kunijia hata toka chumba cha pili. Bado nataka nimsikie mwenyewe aniambie alionapo tembo lake laingia nyumba ya watoto wadogo huhisi nini. Jumamosi jioni yuko?

KijanaWaGanda:
Akishashuka, kama saa kumi na mbili hivi. Njoo na Mama Mkate, yeye aijua njia.