Raifo moja ya kuwindia na kupigia shabaha ya mbali: nichukue ipi?

Mwana Nachingwea:
Wakuu salaam. Hela ya korosho safari hii imekaa vizuri, nataka nitimize la siku nyingi: raifo ya boliti, ile unayovuta kishikio kwa mkono kila risasi. Iwe moja ya kazi mbili, kuwinda kwa leseni upande wa Liwale msimu ukifunguliwa Julai, na kupiga shabaha ya mita 500. Jamaa yangu wa Dar ananisukumia kaliba (saizi ya risasi) ya 6.5 Creedmoor, anasema .308 ni ya wazee. Naombeni ushauri.

Mzee wa Liwale:
Kijana, karatasi kwanza. Maombi yanaanzia kijijini, yanapanda kamati za ulinzi na usalama, ndipo polisi wakupe leseni ya silaha. Leseni ya kuwinda ni habari nyingine, hiyo ni ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Usilipie bunduki kabla hujakubaliwa.

Haya, kaliba. Miombo ya huku unaijua. Majani yakiwa hayajaungua, pofu au kongoni unamwona yuko mita 80, pengine 120, na kati yenu vichaka. Hiyo mita 500 utaipatia wapi? Chukua .308 au .30-06, na risasi ngumu isiyopasuka mapema, maana pofu ana mwili. Ukiwa na hamu ya nyati, zote hizo weka pembeni. Nyati ni .375 kwenda juu.

Shabaha Mtwara:
Shikamoo mzee. Kwenye kuwinda sibishi, ila 6.5 msiidharau: hailiumizi bega, na mbali upepo hauiyumbishi kama .308. Shida ni risasi zake. Duka gani huku Kusini utazikuta? Hata za .308 utaagiza Dar.

Halafu darubini, hapa ndipo watu wanapokwama. Hela yote inaishia kwenye bunduki, juu wanafunga kitu cha kubahatisha. .308 ukiirekebisha darubini ili risasi igonge sawa mita 100, ikifika 300 imeshuka kama sentimita 40, na kwa 500 inakaribia mita 2. Kwa hiyo lazima uzungushe vipimo vya darubini, na ukivirudisha virudi pale pale. Ya kukuza mara 4 hadi 16 inatosha.

Mtoto wa Sudi:
Mmesahau chumvi. Sisi wa pwani kitako cha mbao kinavimba masika, na mtutu ukilala bila mafuta unaota kutu. Tafuta kitako cha plastiki na chuma kisichoshika kutu. Raifo za Tikka T3x na Howa 1500 zipo za namna hiyo.
Nje ya mada kidogo: hapa kwetu ndipo meli ya Wajerumani, Marie, iliposhusha silaha mwaka 1916. Na boliti nyingi mnazobishania mpaka leo zinafuata muundo wa Mauser 98, raifo ya hao hao Wajerumani.

Mwana Nachingwea:
Shikamoo Mzee wa Liwale, asanteni wote. Basi .308, Tikka au Howa. Shabaha si naweza kupigia shambani, msimu ambao mikoroshoni hakuna watu?

Mzee wa Liwale:
Marahaba. Hapana! Risasi hiyo inavuka kilomita 3, na nyuma ya mikorosho yako kuna ya mwenzio. Nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, uliza eneo linaloruhusiwa, na hata huko pigia kwenye tuta la udongo.

Shabaha Mtwara:
Tikka. Triga yake laini.