Mada: Nimealikwa giỗ kijijini Đường Lâm

Habari za jioni ndugu zangu wa Hanoi. Mwenzangu wa kazini amenialika Jumapili kijijini kwao Đường Lâm, kwenye giỗ, yaani kumbukumbu ya kifo, ya babu yake. Nyumba ni ya zamani, na bibi ndiye mwenye mji. Niende na nini? Nisije nikawakosea watu.

---

Mwanangu, nenda. Giỗ ni kama hitma, ila hurudiwa kila mwaka kwa tarehe ya mwezi mwandamo. Chukua matunda na udi wa vijiti, umkabidhi bibi kwa mikono miwili. Kizingiti ni kirefu, kivuke bila kukikanyaga.

Atakukaribisha kwa tambuu. Pokea, hata kama hutafuni. Wenyewe husema tambuu ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Mie mtu wa Lamu machozi yalinilenga: jani ni lile lile, popoo na chokaa vile vile, badala ya katu wanatia kipande cha gome. Bibi niliyemkuta ana meno meusi yanayong'aa kama kokwa za topetope. Si ugonjwa. Alipokuwa kigori yalipakwa ulimbo wa wadudu uliolowekwa ndimu, kisha dawa yenye chuma, siku kadhaa hagusi chakula kigumu. Ndio uliokuwa urembo wao, na wenye meno hayo wanakwisha. Usimpige picha kabla hujamwomba.

Chungu chake cha chokaa kilikuwa kando ya kitanda, mdomo umekaribia kuziba kwa chokaa iliyoganda. Zamani hata kikiharibika hakitupwi, hupelekwa chini ya mti mkubwa wa kijiji.

Kuta ni za mawe mekundu yanayochimbwa yakiwa laini, yakipigwa na hewa yanakuwa magumu. Nguzo ni za mfenesi. Ukiona vigae vinavuja, tafadhali usiulize mbona hawajengi upya. Tangu 2005 kijiji ni urithi wa taifa, kugusa nyumba kuna masharti, na 2013 baadhi ya wakazi waliandika barua wakiomba hadhi hiyo iondolewe. Nawaelewa kabisa, Mji Mkongwe wetu wa Lamu nao una masharti yake.

---

Naongezea: viatu vinaachwa nje, vaa soksi nzima.

---

Shukrani Mama. Je, tambuu naweza kumpelekea mwenyewe?

---

Mpelekee, majani mabichi na popoo mbichi. Meno yakiwa yamemwishia atakupa kikinu kidogo cha shaba. Mtwangie taratibu, ukae karibu naye.