Naomba ushauri: kusoma huku nafanya kazi ya zamu

Wakuu, habari zenu. Nafanya kazi kiwandani, zamu zinabadilika kila wiki. Vijana tunaowafundisha mashine sisi wenyewe ndio wanaopandishwa vyeo kwa sababu wana vyeti (sina kinyongo nao, wanajituma). Sisi tunabaki palepale. Nataka kurudi darasani, ila masomo ya jioni nayakosa kila nikiingia usiku, na nikifungua daftari baada ya kazi macho yanajifunga yenyewe.

Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1974 unazitaka nchi zilizouridhia kukuza likizo ya masomo yenye malipo. Kuna aliyewahi kuibana menejimenti kwa hoja hiyo kupitia chama cha wafanyakazi? Mlianza kudai likizo, au zamu isiyobadilika kwanza?