Wakala wa Dar katuuzia balkoni ya meli, mama yangu kaishia kuangalia tumbo la boti. Mnaotaka kulipia safari za Durban someni kwanza

Wakuu, salaam.

Mods naomba uzi huu msiuhamishie kwenye jukwaa la picha za matembezi. Haya ni malalamiko ya mteja aliyelipa hela kamili akapewa pungufu, na najua humu ndani kuna watu wako njiani kupeleka hela zao kwenye ofisi ileile. Jina la ofisi silitaji kwa sasa, nimeshapeleka barua yangu. Lakini kisa chenyewe nakimwaga chote.

Wazazi wangu wametimiza miaka 40 ya ndoa. Sisi watoto tukakaa, tukachanga. Mdogo wangu alichukua mgao wake wote wa kikoba, kaka akakopa SACCOS ya kazini kwake. Tukakubaliana wazee wapande meli kubwa ya kitalii kutoka Durban, ipande pwani ya Msumbiji na kurudi, na mimi niwasindikize. Kwa Mtanzania hiyo ndiyo njia nyepesi: viza ya Afrika Kusini hatuhitaji kwa matembezi mafupi, unaruka Dar hadi Johannesburg, unaunganisha Durban, meli ipo bandarini.

Sasa elewani kwa nini tuling'ang'ania chumba chenye balkoni, yaani kibaraza chake cha nje. Mama ana magoti. Kupanda sitaha ya juu, yaani ghorofa ya juu ya meli, kila anapotaka kuona maji, kugombea lifti na mamia ya watu, kutafuta kiti kisicho na taulo la mtu, hayo hawezi. Mama kakulia Bagamoyo. Anachotaka yeye ni kiti, kanga yake, kikombe cha chai na bahari mbele yake, basi. Kwa mtu wa namna hiyo balkoni si mbwembwe za kupigia picha. Ndiyo safari yenyewe, na ndiyo maana tulikubali kulipa zaidi, wakati chumba cha ndani kisicho na dirisha kingetupunguzia hela nyingi sana.

Haya yote nilimweleza wakala ofisini kwake, maeneo ya Mikocheni, mama akiwa amekaa pembeni yangu. Akaandika kwenye daftari. Akatuonyesha picha kwenye simu: viti viwili, glasi za juisi, ukingo wa kioo, halafu bahari tupu mpaka macho yanapoishia. Akamgeukia mama, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, nafasi yako nimeiweka hapa. Hapa ndipo utakapokunywa chai."

Tulipoingia chumbani baba akavuta pazia. Boti. Boti ya kuokolea ya rangi ya chungwa, zile zinazobeba hadi watu 150, imening'inia mbele ya balkoni, karibu kiasi kwamba niliona grisi iliyoganda kwenye waya na michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye ndoano. Mama akakaa kwenye kiti. Kutoka pale alipokaa alikuwa anaona tumbo la boti, na chini yake upenyo mwembamba wa maji. Ili aione bahari ilibidi asimame, ashike ukingo, ainame upande. Na magoti yale.

Kesho yake asubuhi mabaharia wakaja kuikagua boti. Wakapanda juu yake, wakawa usawa wa macho na mama, ambaye alikuwa amejifunga kanga, kichwa wazi, anajua yuko faragha chumbani kwake. Aliinuka akaingia ndani, akafunga pazia, na pazia lile halikufunguliwa tena mchana. Wale vijana siwalaumu hata kidogo. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unazitaka meli za abiria zifanye mazoezi ya kuacha meli kila wiki, na boti lazima zikaguliwe. Boti ilikuwa mahali pake. Aliyewekwa pasipo pake ni mama yangu, na aliyemweka pale yuko Mikocheni anakula hela zetu.

Nikashuka mapokezi. Dada wa pale alinisikiliza vizuri, akaniambia meli imejaa, hakuna chumba cha kuhamia. Kisha akanigeuzia skrini, na hapo ndipo hasira zangu zilipopata pa kukaa. Chumba kile kimeandikwa wazi kwenye mfumo wao kuwa mandhari yake yamezibwa. Kwenye ramani ya sitaha, ambayo iko kwenye tovuti ya kampuni na inafunguliwa bure na yeyote mwenye bando, kina alama yake. Kina na bei yake pia, na bei hiyo iko chini ya balkoni ya wazi. Ankara niliyopewa Dar imeandikwa "Balkoni, mandhari ya bahari".

Halafu kuna herufi tatu: GTY. Nilikuwa nimeziona kwenye vocha, pale panapotakiwa kuandikwa namba ya chumba. Niliuliza kabla sijamalizia salio. Nikajibiwa, "Hiyo ni alama ya mfumo tu dada, namba zinatoka bandarini." Uongo mtupu. GTY ni nauli ambayo hukuchagua chumba. Unanunua aina, wenye meli wanakupangia chumba chochote ndani ya aina hiyo au aina iliyo bora zaidi, na mara nyingi namba inatoka siku chache kabla ya safari. Inauzwa rahisi kwa sababu umewaachia wao wakuchagulie, na vinavyobaki mwishoni ndivyo ambavyo watu wanaojua kusoma ramani wamevikwepa. Kwa kijana anayetaka tu kulala na kurudi disko, hiyo nauli ni nzuri sana. Kumnunulia mama mwenye magoti, ambaye uliambiwa mbele yake kwamba atakaa chumbani kutwa, halafu ukamtoza bei ya chumba cha kuchagua, huo ni wizi. Tofauti ya ile bei imeingia mfukoni mwa nani? Nimeuliza kwa maandishi. Sijajibiwa.

Niliporudi Dar nilikwenda ofisini moja kwa moja. Mnajua niliambiwa nini? "Dada yangu, mkataba unasema balkoni, na balkoni mmepata. Mambo ya boti ni ya kampuni ya meli." Nikamuuliza, wewe hii ramani ya sitaha umewahi kuifungua? Akaniangalia. Hajawahi. Mtu anauza vyumba vya meli na hajawahi kufungua ramani ya meli.

Na hapa sisemi ofisi moja tu. Tangu nirudi nimepita kwenye matangazo ya mawakala wa hapa mjini, Instagram na status za WhatsApp, na karibu wote wanauza balkoni kama soda: moja ni sawa na nyingine. Picha ni ileile, ya meli nyingine kabisa. Hakuna anayetaja sitaha, hakuna anayetaja upande, hakuna anayetaja namba.

Balkoni hazifanani! Kuna zilizozibwa na boti kama yetu. Kuna zenye ukingo wa bati zima badala ya kioo, ukikaa unaangalia bati. Zipo meli ambazo balkoni nyingine hazitazami bahari kabisa: Oasis of the Seas iliyoanza safari 2009 ina balkoni zinazotazama bustani na maduka katikati ya meli yenyewe, na ni balkoni halali, zinauzwa, wengine wanazipenda. Ila mtu anayeuza "balkoni" bila kusema ipi, anauza nini hasa?

Mahali chumba kilipo ndani ya meli nako ni habari kubwa. Meli ikikutana na mawimbi, mbele na nyuma ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Katikati, na sitaha za chini, pametulia. Bahari ya Durban si ya kuchezea, mkondo wa Agulhas unapita pale ukishuka kusini, na upepo ukiupinga mawimbi yanasimama. Mzee usimweke mbele. Nyuma kabisa unapata mandhari mapana ya mkia wa maji, lakini mtetemo wa mitambo unausikia kitandani. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea kina adha yake: wahudumu wanapanga vitanda vya kuotea jua alfajiri, na kila mguu wa kitanda unaoburutwa unausikia kichwani. Cha juu ya ukumbi wa muziki, usingizi usahau. Salama ni chumba ambacho juu yake ni vyumba na chini yake ni vyumba. Haya mambo yote yako kwenye ramani, unaweka sitaha moja juu ya nyingine unaangalia, dakika kumi umemaliza.

Hata upande una maana. Ukitoka Durban kupanda kaskazini, pwani ya Msumbiji iko kushoto kwako, jua la asubuhi liko kulia. Mkigeuza kurudi, inabadilika. Baba ni mtu wa kuamka alfajiri, angefurahi kuulizwa.

Baba naye alidanganywa kivyake. Anavuta sigara, akaambiwa balkoni ni yake, atavuta atakavyo. Melini marufuku, na tangazo liko ukutani. Na kwa marufuku hayo niko upande wa meli asilimia mia. Machi 2006 meli ya Star Princess iliwaka moto karibu na Jamaika, moto ulianzia kwenye balkoni, inaaminika ni kichungi cha sigara, ukaruka balkoni hadi balkoni kwa sababu vizuizi na samani vilikuwa vya plastiki. Abiria mmoja alikufa. Baada ya hapo kanuni za vifaa vya balkoni zikabadilishwa, na kampuni nyingi leo hazitaki sigara huko. Mtu anayeuza balkoni za meli hajui hilo? Basi anauza kitu gani anachokijua?

Nawajua wa humu, kuna atakayekuja na "shukuruni hata mmepanda meli, wenzenu hawana ada za watoto." Kaka, dada, hela ile haikuokotwa. Ni ya watu wanaopanda mwendokasi asubuhi kama wewe. Kuwa na hela ya kuchanga mara moja katika maisha hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kutuibia. Na kama tukinyamaza kwa sababu "ni mambo ya starehe", kesho atauziwa hivyohivyo mtu wa Hija au mtu wa matibabu.

Ninachodai ni tofauti ya bei kati ya balkoni ya wazi tuliyoandikiwa na nauli waliyotukatia, pamoja na barua ya kumwomba radhi mama. Nimewapa wiki mbili. Wasiponijibu, nakwenda Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ninayo ankara, ninayo vocha, ninayo picha niliyopiga nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, urefu wa macho ya mama.

NYONGEZA: Naona maswali ni yaleyale, najibu hapa kwa pamoja.

Aliyeuliza kama ni lazima kupitia wakala: si lazima, lakini wakala mzuri ana faida kubwa hasa ukiwa na wazee, anajua pa kuomba kiti cha magurudumu na chumba karibu na lifti. Tatizo langu si uwakala. Tatizo ni kuuziwa gizani.

Aliyeuliza amwambie nini wakala wake: mwambie kabla sijalipa nataka namba ya chumba, nionyeshe kwenye ramani ya meli hiyohiyo kilipo, nionyeshe na kilicho juu yake na chini yake. Akisema namba hakuna, muulize kama nauli ni ya GTY, na akikubali, bei yake ishuke. Maneno yote WhatsApp, yaandikwe. Bei angalia imetajwa kwa mtu mmoja wakiwa wawili chumbani, maana ndivyo meli zinavyotaja, na mtu akiwa peke yake analipa karibu mara mbili. Mimi chumba changu cha ndani nilikilipia hivyo nikijua, hilo sina neno nalo.

Mliolipa kishika nafasi kwa safari za Desemba kutoka Durban na vocha zenu hazina namba, naomba mniandikie faragha leo, msisubiri. Salio hufungwa wiki nyingi kabla ya meli kuondoka, na likishafungwa, kubadilishiwa chumba ni kuomba huruma. Nitumie jina la meli na aina ya chumba tu, nitakaa na ramani tuangalie pamoja. Sitaki chochote.