Mrejesho: Likizo ya Lushoto Tuliyoipanga kwa Simu

Ndugu zangu, mwezi Mei niliwaomba ushauri wa namna ya kupanga likizo ya Juni ya watu watano, kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto, bila kumlipa wakala, nami nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi.

Lililotufaa kuliko yote ni lahajedwali ya Google, ambayo mke wangu na mimi tuliijaza kila mtu kwa simu yake, jumla ikijibadilisha yenyewe kila tulipoongeza nauli, malazi au chakula. Jumla hiyo ndiyo iliyotulazimisha kupunguza usiku mmoja, na watoto hawajanisamehe.

Aliyenishauri kupakua ramani ya eneo zima kabla ya kuondoka nampa mkono, kwa maana tulipoanza kupanda kutoka Mombo, kilomita zipatazo 33 za kona juu ya kona, mtandao ulikatika mara kadhaa, lakini kidoti cha buluu kiliendelea kutuonyesha tulipo. Hata hivyo, alama ya nyumba ya wageni ilikuwa imewekwa pasipo pake. Tulijikuta mbele ya shamba la kabichi, na mama mmoja mwenye jembe begani ndiye aliyetuelekeza.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa katika utabiri wa hali ya hewa: niliusoma wa Mombo, bondeni, wala si wa Lushoto, iliyo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Masweta matano tuliyanunua sokoni jioni ile ile, na hayakuwamo kwenye lahajedwali.