Naomba ushauri: nimetoka likizo ya uzazi, nafasi yangu kapewa mwingine

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhandisi wa umeme, kampuni binafsi hapa Dar. Chuoni darasa zima tulikuwa wasichana sita, kwa hiyo kuwa mwanamke peke yangu kikaoni nimeshazoea. (Muhtasari wa kikao kila siku naandika mimi, sijui kalamu yangu ina nini.)

Kabla ya kujifungua nilikaimu umeneja miezi minane. Nimemaliza siku zangu 84, narudi nakuta kapewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Bosi ananiambia, "Tumekuonea huruma, una mtoto mchanga." Huruma niliiomba wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia na ujauzito, hilo najua. CMA nako (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi), mgogoro usio wa kuachishwa kazi una ukomo wa siku 60, na zangu 20 zimeshakwenda. Ila mshahara bado napata, na nikishitaki nitakaaje na watu wale? Mume wangu anasema nitafute kwingine kimyakimya.

Mliopitia haya, mlianza na barua kwa rasilimali watu au mlienda CMA moja kwa moja? Na maneno ya mdomo unayathibitishaje?